Saundi kadi niliyomnunulia bibi: uzoefu wangu

"Mume wangu, mbona nasikika kama nimo ndani ya mtungi?"

Bibi yangu mzaa mama aliniuliza hivyo siku ya kwanza nilipomsikilizisha alichoimba. Namrekodi nyimbo za harusi za zamani, zile ambazo hapa Tanga wenye kuzijua mwanzo hadi mwisho wamebaki wa kuhesabu. Umri wake umekwenda. Nikaona ni haki yake sauti ibaki kama ilivyo.

Tatizo lilikuwa tundu la maiki la laptopu yangu, ambayo niliinunua mtumba. Nyuma ya sauti ya bibi kulikuwa na "shii" isiyokoma, na nikisogeza kipanya ile shii inabadilika mlio. Ndani ya laptopu, sehemu inayopokea sauti imebanana na prosesa, feni na njia za umeme unaowaka na kuzimika mara nyingi mno kwa sekunde. Ishara ya maiki ni ya milivolti chache tu, kwa hiyo uchafu kidogo wa umeme ukivuja unasikika. Laptopu za zamani zilikuwa na mlango ubavuni wa kuchomekea kadi kamili, ya sauti au ya mtandao. Siku hizi mlango huo haupo, njia iliyobaki ni USB.

Nilianza na saundi kadi ndogo ya USB, yaani kifaa cha nje cha kuingiza na kutoa sauti: kile kijidude kama flashi, chenye matundu mawili, la kijani la hedifoni na la waridi la maiki. Shilingi elfu kumi na tano. Kwa kusikiliza sikijutii hata leo: tundu la hedifoni la laptopu likifa, au likiwa na mikwaruzo, kijidude hiki kinakuokoa siku hiyo hiyo, na hakihitaji draiva, yaani programu ya kukiendesha. Ila kwenye boksi kimeandikwa 7.1, yaani sauti ya spika nane, nami niliamini nanunua kitu kikubwa. Kina njia mbili tu za kutoa sauti, na ya kuingiza ni moja. Hizo nyingine zinaigizwa na programu. Upande wa maiki shii ilipungua, haikuisha.

Halafu kuna jambo la pini, ambalo limewapotezea watu wengi hela. Pini ya hedifoni za simu ina pete tatu nyeusi, kwa kuwa maiki na spika zinapita humo humo. Tundu la waridi linataka pini ya pete mbili au moja. Ukichomeka ya simu utaambulia kimya, na utadhani kadi ni mbovu. Kama laptopu yako ina tundu moja la pamoja na sauti yake ni safi, jaribu kwanza waya wa kugawa njia mbili. Pengine huhitaji kadi yoyote.

Mimi nilihitaji. Rafiki aliniachia maiki ya kondensa, ile ya plagi nene ya XLR yenye pini tatu, nayo haifanyi kazi bila volti 48 zinazopandishwa kwenye waya wake. Kijidude cha USB kinatoa volti chache tu, za kutosha maiki ndogo za kubana nguoni. Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akaanza kunionyesha kadi za taa za rangi na besi nzito. Nikamwambia, "Kaka, mimi siendi kusikiliza, naenda kurekodi." Akacheka, akatoa boksi mbili nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa uchaguzi wote ulikuwa kwenye swali moja: unachomeka nini upande wa kuingilia?

Moja ilikuwa Scarlett Solo ya Focusrite, ya pili UMC202HD ya Behringer. Zote zinatoa volti 48, zote zinapata umeme kwenye USB ya laptopu bila chaja ya pembeni. Solo ina njia moja ya maiki, ya pili ni ya gitaa au kinanda. Kwa anayesoma habari peke yake, au anayerekodi kaswida kwa sauti moja, hiyo inamtosha kabisa. Lakini nyimbo za bibi ni za kuitikiana. Yeye anaanzisha, mama mdogo anaitikia, na nilitaka kila mmoja na maiki yake na faili lake. UMC202HD ina njia mbili za maiki, nikaichukua. Laki mbili na themanini baada ya kuombana sana.

Usidanganyike na zile namba za 192 kHz, yaani kadi inapima sauti mara elfu ngapi kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia karibu na kHz 20, na kurekodi kwa kHz 48 kunafika hadi nusu yake, kHz 24. Njia mbili kwa 48 na biti 24 zinakula takriban gigabaiti moja kwa saa. Kwa 192 zinakula nne. Diski yangu haina nafasi ya mchezo huo.

Biti 24, yaani kila kipimo kinaandikwa kwa undani kiasi gani, ni habari nyingine, hizo zitafute. Bibi anaanza taratibu, karibu ananong'ona, halafu bila kukuambia anapiga vigelegele. Mara ya kwanza taa nyekundu ya CLIP, ya kuonya kuwa sauti imezidi kikomo, iliwaka, na pale kwenye vigelegele sauti ilikatika juu kama kitambaa kilichochanwa. Hiyo hairekebishiki. Sasa natega gaini, kile kitufe cha kukuza sauti ya maiki, chini, wimbo wa kawaida ucheze kwenye desibeli -18 hivi, yaani 18 chini ya kikomo, nafasi ya juu naiacha kwa ajili ya vigelegele vyake. Ukirekodi chini namna hiyo kwa biti 16 kisha ukapandisha, kelele za chini zinapanda nazo. Kwa biti 24 hazikusumbui.

Kulikuwa na mvumo pia, "mmm" mzito wa umeme wa hezi 50. Nilihangaika jioni nzima nikibadilisha waya, kumbe ni chaja ya laptopu, nyumba yenyewe haina ethi, waya wa umeme unaokwenda ardhini. Nikachomoa chaja, mvumo ukanyamaza papo hapo. Tangu hapo narekodi kwa betri, na kadi naichomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Nilipoipitishia kwenye habu, kile kigawanya cha USB, ya bei rahisi ilikuwa inakatika kila baada ya dakika kadhaa.

Mpwa wangu anapoongeza gitaa juu ya wimbo uliokwisha rekodiwa, nabonyeza kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, ajisikie kutoka kwenye kadi bila kupitia kompyuta. Bila hicho, kwa bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaisubiri ijae) ya vipimo 1024, anajisikia amechelewa zaidi ya sekunde 0.02, na kidole kinapotea. Kwenye Windows weka draiva ya kampuni yenyewe ya ASIO, aina inayopunguza ucheleweshaji huo. Kwenye Linux sikuweka chochote, niliichomeka ikaonekana.

Wiki iliyopita nilimvalisha bibi hedifoni. Alifumba macho, mkono ukagonga goti taratibu. Nilisikia hata mimi vikuku vyake, vile viwili vya fedha, vikigongana katikati ya wimbo. Mara akazivua.

"Hapo nimekosea neno," akasema. "Na huyo mwanangu kaniitikia kosa lile lile. Mwite, turudie."