TAHADHARI: Mzee wa 504 nyeupe, taa zake za dashibodi zimechezewa

Wasee wa magari ya zamani hapa Nairobi, someni hii yote na mtumie kila mtu mnajua anatafuta Peugeot. Ile Peugeot 504 nyeupe nilinunua mkaniandikia hongera, ile niko kwa picha nimeegemea boneti, injini yake imekufa. Imekufa kabisa na taa ya oili haikuwaka hata mara moja kunionya nikiendesha. Babu yangu alikuwa na 504, ndiyo maana hiyo gari nimeitafuta kwa muda mrefu. Mzee aliyeniuzia pia alijua, juu nilimwambia mwenyewe kwa simu, na hapo ndipo alinishika.

Wacha niwaeleze vile ilienda. Gari ilikuwa Ngara, imeegeshwa kando ya ukuta, imeoshwa, matairi yamepakwa ile dawa ya kung'arisha. Mzee wa rika la babangu, koti la kaki, Biblia ndogo iko juu ya dashibodi, na ananiita binti yangu tangu siku ya kwanza. Mi nikamwambia mzee, kabla ya hadithi ingine yoyote nataka kuona taa, juu gari kama hii haina kompyuta ya kukusomea shida, uko na zile taa chache na masikio yako tu. Hakukasirika. Aliniwekea ufunguo mkononi, akasema, "Keti wewe mwenyewe binti yangu, fungua swichi lakini usiwashe injini."

Nikafungua. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Ya chaji ikawaka. Ya handbreki ikawaka. Akainama hapo dirishani akaanza kunifundisha, yaani ananifundisha na sauti ya upole kabisa, ati muuzaji mwizi hutoa balbu, kwa hivyo ukifungua swichi na taa ya oili isiwake, ondoka hapo, na ikiwaka halafu ikatae kuzima injini ikinguruma, ondoka pia. Halafu akasema, "Sasa washa." Nikawasha, ya oili na ya chaji zikazima pap, zote mbili pamoja. Nikashusha handbreki, ya tatu ikazima. Nilicheka kwa furaha wasee. Mikono iko kwa usukani, mzee anatabasamu, na mi namfikiria Babu. Hiyo dakika ndiyo inaniuma hadi leo, juu yeye alikuwa amesimama hapo anajua kila kitu.

Na wale mmeshaanza kuandika eti ni juu mimi ni mwanamke, nyamazeni kwanza. Alichonifundisha ni kweli na nilikuwa nakijua kabla yake. Taa ya oili inapata umeme kutoka kwa swichi ya ufunguo, halafu waya unaenda hadi kwa sensa iliyofungwa kwa injini. Kama oili haina presha ile sensa inagusisha waya na chuma, taa inawaka. Presha ikipanda inaachilia, taa inazima. Ndivyo kila fundi hupima na ndivyo nilivyopima. Nilitoa dipstiki, kile kijiti cha kupima oili, oili iko kwa alama na ni safi. Nililala chini na nguo zangu za ofisi nikaangalia kama kunavuja, hakuna tone. Logibuku nikaitafuta kwa eCitizen, jina ni lake. Tukaizungusha hadi Muthaiga na kurudi, inavuta vizuri, haina moshi. Mtu aniambie ni nini ingine ningeangalia. Na hii ni 504, gari iliyoshinda Safari Rally 1975 na tena 1978, stesheni wagoni zake zilibeba watu wa bara miaka na miaka zikiwa zimejaa hadi mlango haufungi. Ukiambiwa injini ya 504 ni ngumu unaamini, juu ni kweli.

Wakati wa kulipa akasema tuombe kwanza. Tukafunga macho kando ya gari. Aliniombea safari njema, aliomba hiyo injini inibebe mimi na watoto wangu. Nikasema amina, nikamtumia laki mbili na nusu kwa M-Pesa, juu haipitishi zaidi ya hapo kwa mara moja, na ile ingine nikaweka kwa akaunti yake kesho yake asubuhi. Pesa za sako hizo, na mkopo bado nalipa.

Sasa mjue vile ilikufa. Napanda Waiyaki Way, nimepita Kangemi, nikasikia tok tok tok kwa umbali. Kitu cha kwanza niliangalia ni dashibodi. Giza. Hakuna taa. Nikajua basi presha ya oili iko, labda ni tapeti zimelegea, vile vyuma vya kusukuma valvu, nitazifanya wiki ijayo, nikaendelea. Mtu yeyote angeendelea, taa imewekwa hapo kwa sababu hiyo. Kabla ya Kinoo ile tok ikawa nyundo, gari ikatetemeka yote ikazima katikati ya barabara, malori yananipigia honi. Nikabaki kando na vitu vyangu nikingoja bredauni, gari ya kunivuta, na bado nilikuwa najiambia haiwezi kuwa oili.

Fundi wangu wa Kariobangi ndiye alifungua. Akatoa dashibodi, akaniita, hakusema kitu, akanionyesha tu na bisibisi. Waya wa taa ya oili umekatwa ukaunganishwa na waya wa taa ya chaji, umefungwa na tepu nyeusi, na hiyo tepu ni mpya! Ule waya halisi wa kutoka kwa sensa umekunjwa ukafichwa huko nyuma. Mnaelewa? Taa ya chaji inawaka ukifungua swichi juu alteneta, ile ya kuchaji betri, imesimama, na injini ikinguruma alteneta ikianza kuchaji, umeme wa pande zote mbili za balbu unalingana, taa inazima. Kwa hivyo miezi yote hiyo ile taa ya oili ilikuwa inanipa habari za alteneta. Injini ingeweza kukauka oili kabisa na hiyo taa isingewaka. Akafungua sampu, ile trei ya oili chini ya injini, bearing zinazoshika krankishafti zimelika hadi shaba inaonekana, krankishafti yenyewe, ule mti wa chuma unaozungushwa na pistoni, imekwaruzwa vibaya, na oili ilikuwa imechanganywa na ile dawa nzito ya kunyamazisha injini. Hiyo si kazi ya fundi amekosea. Mtu aliketi akafikiria. Taa ilikuwa inamwambia ukweli, akaikata.

Huyu mzee afungwe. Sitaki kuambiwa nimsamehe juu ya umri, sitaki kuambiwa nimwachie Mungu, yeye ndiye alitumia jina la Mungu. Nimeandikisha OB, yaani ripoti kwa polisi. Kifungu cha 313 cha sheria ya jinai, kupata mali kwa uongo, ni miaka 3 na mi naona ni kidogo sana. Arudishe pesa zote, alipe bredauni, alipe kusaga krankishafti, na fundi aliyemfungia hizo waya asimame naye kizimbani, juu aliyeunganisha alijua anaunganisha nini. Kama ingezima kwa ile teremko ya kwenda Mai Mahiu na watoto wako nyuma? Afungwe tu.

Mmeniuliza dalili za gari imechezewa hivi. Boneti ilikuwa moto nilipofika, akasema ametoka dukani. Mkienda kuona gari kataeni, ngojeni ipoe, juu injini iliyopashwa moto huficha shida za kuwaka ikiwa baridi. Halafu iendesheni hadi ipate moto kabisa, juu oili ikiwa baridi hata injini mbovu inashika presha kidogo na kelele inajificha. Hizo taa mbili kuzima pamoja kabisa, hapo pia, mara nyingi ya oili hukawia kidogo. Ikinguruma polepole mkaona zinapepesa pamoja, hiyo ni mbaya. Na hii ndiyo muhimu: swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa, chomoa ule waya kwa sensa ya oili, taa lazima izime. Ugusishe kwa chuma cha injini, lazima iwake. Yangu ingebaki inawaka hata nikichomoa. Ni dakika moja, muuzaji akikataa mguse injini, msibishane naye, ondokeni.

Na nimeambiwa yule mzee ameshaweka ingine sokoni, Peugeot 404 ya kijivu, ukuta ni ule ule, na anatafuta mtu wa deposti wiki hii. Kama ni wewe umeongea naye, nitumie ujumbe leo kabla hujatuma hata shilingi. Nitakuja na fundi wangu na bisibisi yake.