Nimejaribu Nordmann kitaluni Igoma, Mwanza: miaka miwili, miche 19

Kila Desemba nauza miti ya Krismasi, mvinje na saiprasi za kwenye viriba, na kila Desemba hakosi mteja wa Capri Point wa kuninyooshea simu: "Huu unao?" Kwenye picha ni Nordmann, jamii ya msonobari kutoka milima ya Jojia na Uturuki, ule ambao majani yake hayapukutiki ovyo sebuleni. Mwishowe nikaagiza mbegu 100, zikaja na cheti cha afya ya mimea. Pakiti imeandikwa "huvumilia joto".

Mbegu zenyewe sina neno nazo. Nilizilaza kwenye friji wiki sita ndani ya mchanga wenye unyevu, zikaota 31. Luseni yetu, udongo wa kichanga, peke yake isingefaa, kwa hiyo nilivuka hadi Ukerewe kuomba udongo wa chini ya misonobari ya msitu wa Rubya, maana miti hii hutegemea kuvu wa kwenye mizizi. Kinyausi, ugonjwa wa kuoza miche michanga, kikanilia 12. Kosa langu, nilimwagilia kupita kiasi.

Tatizo lilianza mwaka wa pili. Miche 19 ikafunga vichomozo, zile ncha za kukulia, ikatulia. Masika ikapita, kimya. Rangi kijani safi, lakini haiongezeki hata nusu kidole. Nilipochimba habari zake ndipo nikaelewa: mti huu ukishalala huamshwa na wiki kadhaa za baridi kali, na Mwanza baridi hiyo hatuna, hata Julai. Kuvumilia joto ni kweli inavumilia. Kukua ndiko hakuna, na hilo pakiti imelinyamazia.

Nikaijaribu kwa ubishi tu. Miche mitatu niliiingiza kwenye friji ya soda dukani kwa shemeji, miezi miwili. Akaniuliza: "Shemeji, hii friji ni ya biashara au ya bustani?" Mmoja ulikauka. Miwili, wiki chache baada ya kutoka, ikachipua!

Mbegu nazipa nyota nne, maelezo ya muuzaji nyota moja. Hata huko kwao Nordmann huchukua karibu miaka kumi kufikia kimo cha kuuzwa. Mvinje niliopanda wiki ileile sasa umenipita kimo.

Ile miwili nimeihamishia viriba vikubwa. Shemeji ameshatangaza kwamba mwaka huu friji imejaa.