Nukta moja au eneo pana unapopiga picha za ndege wadogo?
Ndege akiwa kichakani, nukta moja ya fokasi (sehemu ambayo kamera inalenga ili itoke kali) haina mpinzani. Eneo pana hukamata kijiti cha mbele, ukaishia na picha safi ya jani, na ndege chozi nyuma yake ukungu mtupu. Weka nukta kwenye jicho. Kwa lenzi ya milimita 400, ndege akiwa mita 5, sehemu inayotoka kali ni sentimita chache tu. Ukilenga mkia, jicho limepotea.

Akiruka, eneo pana lenye fokasi ya kufuatilia humshika vizuri zaidi, hasa anga likiwa tupu. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde au ya kasi zaidi (mwanga ukipungua, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mimi hupandisha bila haya). Kamera zinazotambua jicho la ndege husaidia, ila majani yakisongamana huchanganyikiwa, nami hurudi kwenye nukta.