Kuoka nyumbani Mbeya: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kama hela ni ndogo, anza na mizani ya kidijitali na seti ya vijiko vya kupimia. Oveni itafuata. Kikombe kilekile cha unga wa ngano kinabeba kama gramu 120 ukikijaza taratibu kwa kijiko, na kinafika 150 ukishindilia. Tofauti hiyo inatosha kuifanya keki iwe ngumu. Vijiko ni kwa ajili ya baking powder, maana mizani ya jikoni haiaminiki kwa uzito mdogo hivyo. Na huku kwetu baking powder ndiyo inayosumbua. Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo keki huumuka kwa kasi halafu inazama katikati. Resipe ya Dar es Salaam ipunguzie baking powder kidogo.

Kwenye oveni, namba moja naipa ya umeme ya mezani, lita 30 hadi 45. Ndogo kuliko hapo koili inakuwa karibu mno, keki inaungua juu ndani ikiwa bado mbichi. Tafuta yenye uwezo wa kuwasha moto wa juu na wa chini kila mmoja peke yake, na taa inayowaka bila moto. Taa hiyo utaishukuru Juni na Julai, baridi ya Uyole inapozuia donge la mkate kuumuka: liweke ndani, washa taa tu, funga mlango. Oveni ya wati 1,600 haiwezi kula zaidi ya uniti 1.6 za Luku kwa saa. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba huyeyuka.

Namba mbili ni oveni ya mkaa ya bati, kazi ya mafundi wetu. Umeme ukikatika, oda yako haiharibiki. Chagua bati nene na mlango usioacha mwanya, kisha weka mkaa mwingi juu, kidogo chini. Tafadhali sana, usiokee chumbani kwa kukimbia baridi. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukushtua, na inaua watu waliolala.

Jiko la gesi lenye oveni naliweka la tatu kwa sababu ya bei tu. Ukishakuwa na wateja wa kila wiki, lipande juu.

Tini za keki nunua za alumini nyeupe, sentimita 20. Nyeusi nyepesi huunguza pembeni. Mashine ya kuchanganyia isubiri, mchapo na mwiko vinatosha kwa keki ya nusu kilo.

Ukiwa dukani, Mwanjelwa au kwingineko, usilipe kabla muuzaji hajaichomeka oveni ukaona koili za juu na za chini zote zimeiva nyekundu.