Aerobiki ya jioni Nakuru: uzoefu wangu

Kama umehamia Nakuru na hujuani na mtu, jaribu darasa la mazoezi ya pamoja kabla hujalipia jimu. Mimi nililetwa huku na kazi kutoka Mombasa, na miezi ya kwanza watu niliozungumza nao nje ya ofisi walikuwa muuza mboga na makanga wa matatu ya Lanet. Siku hizi nikipita Section 58 lazima nisimamishwe njiani tusalimiane.

Darasa letu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, katika ukumbi wa kukodi. Unalipa shilingi 200 kwa M-Pesa ukifika. Hakuna ada ya kujiandikisha. Kipindi ni dakika 50, kwa hivyo anayehudhuria vyote vitatu anatimiza zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima azifikishe angalau.

Kilichonibakiza ni kocha. Akishaweka rhumba au ohangla na kutuhesabia mpaka nane, hasimami mbele kujionyesha, anazunguka. Jioni moja tukichuchumaa alipiga goti kando ya mama aliyejifunga leso juu ya suruali ya mazoezi, akamwambia apanue miguu kidogo, arudishe makalio nyuma kama anayetafuta kigoda, magoti yasiingie ndani. Mama akashuka tena, safari hii sawasawa, na mstari wote wa nyuma ukapiga makofi. Kila zoezi lina namna yake nyepesi isiyo na kuruka. Watu wa pwani, itumieni mwanzoni: Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na pumzi hukata mapema.

Halafu kuna watu wenyewe. Wauguzi wanaotoka zamu, vijana wa bodaboda, na mwalimu mstaafu tunayemwita Shosho, ambaye hakosi. Ukipotea wiki moja utapigiwa simu. Nilipolala na homa, wenzangu wawili walinijia na uji wa wimbi kwenye thamosi, na mmoja wao hata jina lake la pili nilikuwa silijui. Mwenzetu alipofiwa, mchango ulianza palepale ukumbini kabla hata ya kunyoosha viungo.

Jumamosi nyingine tunapanda Menengai, mita 2,278 mahali palipo juu kabisa. Kreta inatanda mbele yako, mvuke wa visima vya jotoardhi unapanda, na ukigeuka unaliona Ziwa Nakuru kule chini. Wenye chapati huzitoa hapo, na anayekuja nyuma husubiriwa.

Kasoro zipo. Sakafu ni saruji tupu, kwa hivyo njoo na viatu vyenye soli nene, la sivyo magoti yatalalamika. Spika hufunguliwa kupita kiasi hadi walio nyuma hawasikii maelekezo. Tumeshalisema hilo na bado. Chumba cha kubadilishia nguo ni kidogo mno, heri uvae nyumbani kabisa.

Siku ya kwanza fika robo saa mapema, umwambie kocha kama una shinikizo la damu au magoti mabovu. Kisha simama karibu na Shosho, atakuonyesha hatua.