Uzoefu wangu: magauni manne ya shilingi 60,000 yasiyofaa hata dekio

Desemba iliyopita, chama cha msingi cha kijijini kwetu Tandahimba kilipomaliza kulipa fedha za mnada wa korosho, mama alinitumia shilingi 60,000 kwenye simu. Akaniambia, "Mwanangu, unasimama mbele ya watoto wa watu kila siku. Nunua nguo za kazini." Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Hela ile ilitokana na korosho alizookota moja moja, mgongo umeinama, ndiyo maana naandika haya bila kuficha kitu, ili anayetaka kununua magauni ya aina hii ajue yaliyonikuta.

Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam. Magauni mapya, speshali, 15,000 kila moja. Nikachukua manne, na nauli ya basi nikaongeza mwenyewe. Kabla ya kulipa nilimuuliza kitambaa chake ni nini. Akanijibu, "Koton nzito dada, haichuji." Siku ya tatu nikapokea kifurushi changu stendi ya Mkanaledi.

Niyape haki yake: magauni yalinikaa vizuri, na wiki ya kwanza walimu wenzangu wawili waliniomba namba ya muuzaji. Niliwapa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Gauni la maruni ndilo nililolipenda kuliko yote. Mtwara ya Januari mnaijua, jua kali na hewa imejaa unyevu wa bahari. Nililivaa Jumamosi moja kuvuka na kivuko kwenda Msangamkuu msibani, na kabla hatujafika ng'ambo jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, gauni limenigandia, halinyonyi hata tone. Harufu ya jasho ilibaki kwapani hata baada ya kufua mara mbili kwa sabuni ya mche. Nilipogeuza lebo ya ndani ndipo nikasoma: poliesta asilimia 100. Hakuna uzi hata mmoja wa pamba. Kosa langu ni kwamba sikuisoma siku ile ile ya stendi.

La bluu lilifumuka kwapani nikiwa ninaandika ubaoni, mkono juu, darasa la tano zima linaniangalia. Nilimaliza kipindi nimejifunga kanga mabegani. La maua ya njano liliyeyuka kwenye pasi, na pasi nilikuwa nimeiweka moto mdogo. Jeusi lilipauka na kuota vijipira mapajani, basi.

Niliyapeleka yote kwa mzee mmoja fundi cherehani wa Magomeni ya hapa Mtwara, anayenishonea nguo tangu nahamia mjini. Huyu mzee ndiye aliyenifungua macho, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Aligeuza gauni la bluu ndani nje, akalivuta mshono kwa vidole gumba viwili, na katikati ya uzi pakaonekana mwanga. "Unaona mwalimu? Mishono mirefu, imerukaruka. Hapa mtu ameshona akifukuzwa na muda." Kisha akanionyesha ukingo. Nguo inayoshonwa ili ikae huachiwa akiba ya kitambaa pembeni ya mshono, ukinenepa inafunguliwa, ikifumuka inashonwa upya. Langu lilikatwa karibu kabisa na uzi. Akishona tena hapo, alisema, sindano itapita kwenye nyuzi zinazochanika, na gauni litanibana.

Halafu akachomoa uzi mmoja pindoni akauwasha kwa kiberiti. Uzi haukuungua kama karatasi. Ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kitone kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Akachomoa mwingine kwenye kanga yangu ya pamba, ule ukaungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Tangu siku hiyo simuulizi muuzaji kitambaa, naomba uzi. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, ni jamii ile ile ya plastiki ya chupa za maji. Mifuko ya plastiki tulipigwa marufuku Juni 2019, nami nilikuwa nimejivisha plastiki mwilini kwa hiari yangu.

Hesabu yangu ni hii. Gauni la maruni nililivaa mara 9 kabla halijanishinda. Gawanya 15,000, kila kuvaa kumenigharimu zaidi ya shilingi 1,600. Nina gauni la mtumba, la pamba, nililolinunua 2019 sokoni kwa 7,000. Nalivaa karibu kila wiki, na kila kuvaa sasa hakufiki shilingi 35. Lakini msikimbilie mitumba mkiwa mmefumba macho. Siku hizi ukichambua rundo unakutana na magauni haya haya, yamevaliwa mara mbili tatu huko yalikotoka na kutupwa, yakafungwa kwenye marobota yakaletwa kwetu.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliafikiana kuachana na mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, mpango wake wa kuziruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Ninalolisikitikia ni kwamba pamba tunayo. Inalimwa Simiyu na Shinyanga, na nyingi huuzwa nje kabla haijawa uzi, kama korosho za mama zinavyoondoka bandari ya Mtwara zikiwa na maganda yake. Kisha tunauziwa poliesta tukiambiwa ni koton.

Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ulikuwa umeanza, na mama alikuwa ameniagiza nimletee nguo kuukuu za shambani. Nikambebea yale magauni. Kwetu nguo haifi kwa mkupuo. Inaanza kuwa ya kutokea, inashuka kuwa ya nyumbani, kisha ya shamba, kisha inachanwa kuwa winda wa mtoto au dekio, na mwisho kipande chake kinafungia mdomo wa kiroba. Mama ana kanga yenye madoa ya maji ya mabibo ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Naikumbuka tangu nikiwa darasa la pili, na bado anaifunga kichwani akienda shamba.

Alilivaa la bluu siku moja, akarudi saa nne asubuhi amelowa jasho, gauni limechanwa na vijiti pembeni. Akalichana kabisa, akalichovya kwenye ndoo ili adeki sebuleni. Maji yalisukumwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, sakafu haikukauka. Pamba hunyonya, poliesta husukuma tu. Akajaribu na la maruni. Hali ile ile.

Hakunigombeza. Aliyakamua, akayaanika, na jioni akayakunja vizuri kama nguo mpya, akaniwekea kwenye begi. "Rudi nazo mjini, mwanangu. Hapa sina pa kuziweka. Nikichoma zitanuka, nikitupa korongoni mvua itazipeleka kwa watu."

Kwa muuzaji yule sitanunua tena, na wale wenzangu wawili nimewaeleza hivyo. Ukilazimika kununua nguo ya bei hii, omba picha ya lebo na ya mshono wa ndani kabla ya kutuma hela. Akikataa, acha. Mimi mwezi uliopita nimenunua kitenge cha pamba, yule mzee wa Magomeni amenishonea gauni moja kwa hela inayokaribia bei ya magauni mawili kama yale, na ameniachia akiba ya vidole viwili kila upande. Zipu amenitolea kwenye lile la maruni. Hiyo ilikuwa nzima.