Simuleta ipi ina injini ya kweli? Mwongozo wa kununua kwa wapenda ndege za kivita wa Mtwara na Lindi

Siku hizi kila simuleta, yaani mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita kama za Vita Kuu ya Pili, ina mawingu mazuri na bahari inayometa. Hayo yasikuuzie mchezo. Mimi naangalia injini, na kigezo changu ni kimoja: ikifa, iwe imekufa kwa sababu ambayo fundi pikipiki wa Chikongola angeielewa. Imechemsha, imekosa oili, imepigwa resi kupita kiasi, au imebebeshwa mzigo mzito kwenye mizunguko midogo mpaka ikaanza kugonga. Simuleta inayoiua injini kwa kuwa dakika zake za nguvu zote zimeisha bado haijanishawishi.

Hizo dakika zina asili yake. Kitabu cha rubani wa P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, kiliruhusu presha ya hewa inayoingia kwenye injini ya inchi 61 za zebaki kwa dakika 15, na inchi 67 za dharura kwa dakika 5. Kikomo kiliwekwa ili injini idumu. Kwenye njia ya mkono wa resi palifungwa waya mwembamba; rubani akizitaka zile inchi 67 anausukuma mkono mpaka waya unakatika, na akitua mafundi wanajua injini hiyo inahitaji kukaguliwa. Hakuna kengele iliyokuwa inalia dakika ya sita ikafuatiwa na moshi.

Kwa kipimo hicho, hivi ndivyo ninavyozipanga.

Namba moja ni DCS World ya Eagle Dynamics, na uzuri ni kwamba unaanza bila kulipa. Programu yenyewe ni bure na inakuja na TF-51D, Mustang isiyo na silaha, yenye injini ile ile ya Merlin ya silinda 12 na lita 27. Anza nayo hiyo, tena uiharibu kwa makusudi. Ruka, vuta pua juu, panda polepole huku resi imejaa. Utafanana na Fuso lililojaza korosho linalopanda Newala kutokea Masasi: injini inatoa nguvu zote, mwendo ni mdogo, upepo wa kupoza rejeta hautoshi. Mshale wa joto la maji unapita nyuzi 121, mvuke unatoka, na baada ya muda unatafuta shamba la kutua. Shusha pua kabla hujafika huko, mwendo ukaongezeka, na mshale unarudi wenyewe. Hakuna maandishi yanayokuonya. Ni wewe na saa za dashibodi.

Pia kuna mpangilio wa mikono. Ukitaka nguvu, ongeza kwanza mizunguko ya propela, halafu resi. Ukipunguza, resi kwanza. Ukigeuza mpangilio huo unaitwisha injini presha kubwa ikiwa inazunguka taratibu, na Merlin hailivumilii hilo kwa muda mrefu. Simuleta nyingi husamehe kosa hili. DCS haisamehe.

Ubaya wake ni mfuko. Ndege moja yenye silaha, Spitfire ya Waingereza au Mustang kamili, ni karibu dola 50 kwa bei isiyo na punguzo, na ramani ya Normandy inauzwa kando. Ukishaweka ramani kadhaa, faili zinavuka GB 100. Kwa bando la simu hiyo ni hasara tupu. Tafuta mahali penye intaneti ya malipo ya mwezi, au mwenzako aliyekwisha kupakua akupe kwenye diski. RAM ya GB 16 ndiyo pa kuanzia.

Namba mbili ni IL-2 Sturmovik: Cliffs of Dover, toleo la Blitz. Mchezo ulitoka mwaka 2011 ukiwa na kasoro tele, kikundi cha Team Fusion kikautengeneza upya, na leo kwa bei yake sioni unaoushinda. Unapata ndege nyingi kwa fedha pungufu ya Spitfire moja ya DCS. Kaa kwenye Spitfire ya 1940 usukume fimbo mbele ghafla: injini inakata, kwa sababu mafuta yameruka juu ndani ya kabureta. Mjerumani kwenye Bf 109 anapiga mbizi bila wasiwasi, injini yake inadungiwa mafuta moja kwa moja. Ndivyo ilivyokuwa kweli, hadi mhandisi Beatrice Shilling alipobuni kizuizi kidogo cha mafuta mwaka 1941. Ila huyo Mjerumani naye akipiga mbizi bila kurekebisha propela yake kwa mkono, mizunguko inapaa na injini inajiua. Menyu zake ni za kuchosha, vumilia.

Namba tatu, IL-2 Great Battles, ndiyo ninayoicheza zaidi kuliko zote, na bado siipandishi. Mapigano yake ni matamu, ndege unazihisi mkononi. Lakini injini zake ndizo zilizojulikana kwa ile saa ya kuhesabu: pita muda wa nguvu za dharura, maandishi pembeni yanakujulisha, na baada ya hapo ni bahati yako hata kama joto liko sawa. Kama unatafuta vita kuliko ufundi, ipandishe iwe ya kwanza.

IL-2 1946 ni ya mwenye kompyuta ya zamani. Injini inachemsha, unafungua rejeta, inapoa, basi. Ni rahisi, nyepesi, na ni ya bei ndogo.

War Thunder nimeiweka mwisho ingawa ni bure. Unaweza kuwasha usimamizi wa injini kwa mkono na ukajifunza rejeta na propela. Ila inahitaji mtandao muda wote, na bando lako ndilo litakalolipa.

Kabla ya kulipa, fikiria fimbo ya kuchezea (joystick). Yenye mkono wa resi pembeni inatosha. Mizunguko ya propela iweke kwenye vitufe vya kibodi. Hapa Mtwara kuzipata ni shida, ulizia Kariakoo watume kwa basi, na uwaombe waichomeke kwanza na kukurekodia video mshale ukicheza kwenye skrini.

Kwa malipo, kumbuka Steam, duka la michezo mtandaoni, hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa hujavuka saa 2 za kucheza. Kujifunza kuwasha Spitfire tu kunaweza kuzimaliza saa hizo. Kwa DCS ni afadhali upakue kutoka tovuti yao wenyewe, ambako ndege nyingi unaruhusiwa kuzijaribu siku 14 bila kulipa chochote.